Mguu wa Mashua Uliokataa Kutulia

Likizo ya Agosti mwaka 2009, Cyiza alikuwa na kazi yake ya kila Jumamosi, na hakuna aliyemsukuma kuifanya. Akishateka maji na kufagia uwanja, alishuka mpaka ukingoni mwa Ziwa Nakivale, penye makazi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, kuisafisha mashua ya zahanati. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kama angeruhusiwa angehamia humo ndani ya mashua na godoro lake.

Nahodha wa mashua hiyo alikuwa baba yake, Ezira. Kwao ni milimani, Kivu Kusini, Kongo, na ukoo wao ni wafugaji tangu enzi na enzi. Mtu wa ng'ombe kuwa nahodha! Watu walimtania sana mwanzoni, lakini shida ni mwalimu, na Ezira alifunzika. Aliyemfundisha ni mtafiti mmoja wa samaki kutoka Ulaya, aliyeileta mashua ile juu ya gari na baadaye akaiachia zahanati. Alimfundisha kukunja tanga, kusoma upepo na kushika usukani. Mambo mengine aliondoka nayo kichwani mwake.

Chini ya tumbo la mashua kulikuwa na bamba zito la chuma, ambalo mabaharia huliita mkuku. Watu wa Nakivale waliuita mguu, yakaisha. Kwenye kina kirefu mguu ulishushwa ili upepo usiipindue mashua. Karibu na mafunjo, ambako maji ni ya magotini, ulipandishwa usije ukachimba tope. Cha kuupandisha kilikuwa winchi, yaani ngoma ndogo yenye mpini, na waya wa chuma uliojizungusha juu yake. Ezira akizungusha mpini, mguu ulipanda. Akiuachia mpini, mguu ulitulia palepale alipoufikisha.

Kazi ya Cyiza ilikuwa kukumba maji, kusugua mbao na kuupitisha mkono wenye kitambaa juu ya waya, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitambaa kikinasa mahali, ujue uzi mmoja wa waya umekatika, na ni lazima Baba aambiwe. Kitambaa hakikuwahi kunasa. Lakini Jumamosi hiyo winchi yenyewe ilikuwa ikilia kwii, kwii, kila alipousogeza mpini, na mlio huo ulimuuma moyoni.

Sasa, nyumbani kwa akina Cyiza kitu kikavu kina dawa moja tu, nayo ni siagi ya ng'ombe. Mkanda wa ngozi ukikauka, paka siagi. Kisigino kikipasuka, paka siagi. Bawaba ya mlango ikilia, hivyo hivyo. Bibi yake, Nyogokuru Mukakalisa, aliiweka kwenye kibuyu kando ya mlango, na hakuna aliyeomba ruhusa ya kuichota. Cyiza alikimbia nyumbani, akachota vidole vitatu, akarudi. Alifungua kifuniko cha winchi kwa spana ya Baba, akapaka meno ya chuma, akapaka ngoma. Ndani kabisa aliona visahani viwili vilivyobanana, vikavu kama mkate wa juzi. Akavihurumia, akavipaka siagi zaidi ya vyote. Alipofunga na kujaribu mpini, winchi ilizunguka bila hata kunong'ona. Alirudi nyumbani akiimba, na hakusema kitu kwa sababu alitaka Baba aone mwenyewe na ashangae.

Ezira alishangaa kweli, ila si kwa namna hiyo.

Alhamisi ilikuwa siku ya chanjo. Mama Annonciata, nesi wa zahanati, alipanda mashua na sanduku lake la barafu lenye chanjo ya surua. Ng'ambo ya ziwa watoto arobaini na mmoja walikuwa wamekwisha kuandikwa majina, baadhi yao watoto wa wafugaji ambao Jumatatu wangehamisha ng'ombe kufuata majani. Surua ilikuwa imeanza kusikika Oruchinga, makazi mengine ya jirani, na surua haina subira. Cyiza alisimama ukingoni akiitazama mashua ikienda, tanga limejaa, na moyo wake umejaa vilevile.

Ilipokaribia mafunjo ya ng'ambo, tanga lilishuka ghafla. Alingoja mashua isogee, lakini haikusogea. Jua lilipanda mpaka utosini na mashua ilikuwa palepale, ndogo kama ganda la njugu. Aliwauliza wavuvi waliokuwa wakianika nyavu, nao wakainua mabega. Mmoja akasema pengine ni kiboko, mwingine akasema pengine wanavua samaki. Cyiza hakuelewa lolote, na kutoelewa huko kulimtesa kuliko habari mbaya.

Walirudi alasiri, wakivutwa na mtumbwi wa wavuvi. Baba alikuwa ameufunga mkono wa kulia kwa kitenge, na kifundo kimevimba. Alieleza kwa maneno machache kwamba alipandisha mguu kama siku zote, akauachia mpini, na mguu ukaporomoka wenyewe. Mpini ulizunguka kwa kasi ukampiga mkononi, mguu ukazama kwenye tope, na mashua ikakwama. Kila walipojaribu kuupandisha, uliporomoka tena.

"Barafu imeyeyuka yote," Mama Annonciata alisema, akikaa juu ya sanduku lake. "Dawa imeharibika. Batoto banatungoja kule tangu asubuhi, banarudi nyumbani bila chanjo."

Walikubaliana kwamba dawa nyingine ingeletwa na safari ingerudiwa Jumamosi, kabla wafugaji hawajahama. Hivyo Ijumaa nzima ukingo wa ziwa uligeuka baraza la mafundi. Wa kwanza kabisa alikuwa Appolinaire, kijana seremala anayejua jibu kabla ya swali. Alisema waya umechoka na umerefuka. Mvuvi mmoja alisema maji ya mwaka huu ni mazito. Mwanamke mmoja aliyepita na kuni alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu anamwonea Ezira wivu, na lisemwalo lipo. Kila mtu alikuwa na lake, na hakuna lililofanana na la mwenzake.

Ezira alikuwa na waya mpya stoo. Wakaisukuma mashua juu ya magogo, wakatoa waya wa zamani na kuufunga mpya kwa uangalifu. Cyiza alitazama akiwa na matumaini mengi. Tangu Alhamisi kulikuwa na kitu kidogo kinamtekenya rohoni, na hakutaka kukipa jina. Appolinaire akazungusha mpini, mguu ukapanda vizuri, akauachia. Mguu ukaanguka na kutikisa mashua nzima. Wakajaribu tena, ukaanguka tena.

Hapo Cyiza alipumua, niwaambie kweli. Alijiambia kwamba waya mpya haujawahi kuguswa na siagi yake, na bado mguu unaanguka, basi siagi haina hatia. Tena siagi hulambishwa watoto wachanga, itamdhuru nani? Lakini kabla pumzi hiyo haijaisha alivikumbuka vile visahani viwili. Kwa nini vilikuwa vikavu namna ile, wakati kila kitu kingine kilikuwa na grisi kidogo? Kama vilikuwa vikavu kwa makusudi, je? Au ni wasiwasi wake tu? Kichwa kilimzunguka mpaka akasahau kula ugali wake usiku ule.

Jumamosi asubuhi dawa mpya ilifika, na mashua ilikuwa ingali juu ya magogo. Pasta Baudouin, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alikuja na wajumbe wenzake wawili, uso umekunjamana. Alikuwa mtu wa haki lakini hakuwa na muda wa porojo. Alimuuliza Ezira kama kuna mtu mwingine anayeigusa ile winchi, pengine mtoto, pengine kijana wa kijiweni.

"Hakuna, Pasta," Ezira akajibu. "Mbele ya Mungu, winchi ile hakuna mkono unaoigusa isipokuwa wangu. Kama kuna uzembe, ni wangu."

Cyiza alikuwa hatua tatu kutoka hapo, kitambaa mkononi. Maneno yalimjia mpaka kwenye meno. Akafikiri kwamba akisema, Baba ataonekana amemwapia Mungu uongo mbele ya kamati. Akafikiri pia kwamba pengine si kweli, atajitwisha kosa lisilo lake bure. Akafikiri mambo mengine kumi, na alipomaliza kufikiri wazee walikuwa wamekwisha kugeuka. Kamati ilimpa Ezira mpaka Jumatano. Mashua isipotengemaa, itapewa nahodha mwingine, na jina la Ezira litaandikwa kwamba alizembea kutunza mali ya wagonjwa. Baba aliitikia kwa kichwa tu. Cyiza aliona shingo yake ikilegea, akajichukia.

Jumatatu wafugaji wa ng'ambo walihama. Jumanne, kabla ya jua kuchomoza, Ezira na binti yake walidandia pikapu ya maziwa inayopeleka madumu Mbarara, winchi ikiwa imefungwa ndani ya gunia. Ezira hakuweza kushika spana kwa mkono ule, ndiyo maana alimchukua Cyiza. Njia nzima hakulalamika. Alimwonyesha vilima vya Isingiro na migomba yake, akamuuliza kama amekula. Wema ule ulimchoma Cyiza kuliko kiboko.

Karakana ya fundi Rwakabuba ilikuwa Mbarara, chini ya kilima cha Kamukuzi, katikati ya malori yaliyofunguliwa matumbo. Rwakabuba alikuwa Mnyankore mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kwa winchi za malori hakuwa na mpinzani mjini. Aliiweka ile winchi ndogo mezani, akaitazama kama mtu anayetazama kifaranga, akamwambia Cyiza aifungue. Kifuniko kilipotoka, mzee alichomeka kidole kati ya vile visahani, akakitoa kiking'aa. Akakinusa, kisha akanusa tena, macho yamemtoka.

"Banange," alisema. "Hii ni siagi ya ng'ombe. Nani alipaka siagi kwa breki?"

Ezira alisema haiwezekani. Rwakabuba akamwambia yeye amezaliwa kwenye zizi, harufu hiyo anaijua kabla ya jina lake. Kisha akaeleza kwamba vile visahani ndivyo vinavyoshika mzigo. Vinashika kwa sababu ni vikavu na vinakwaruzana. Ukivipaka mafuta, vinateleza, na mzigo unashuka wenyewe. Meno ya winchi yanataka grisi kidogo, lakini breki hapana, hata tone moja.

"Mimi sikupaka," Ezira alisema. "Wala hakuna mwingine anayeigusa."

Rwakabuba alivua miwani. "Ssebo, winchi haiwezi kujipaka yenyewe. Ukidanganya fundi ni kama kudanganya daktari. Mimi nitafunga, wewe utarudi huko, mtu atapaka tena, na siku nyingine mpini utavunja kichwa. Hiyo kazi mimi siwezi. Chukua kitu yako."

Akaanza kuirudisha winchi kwenye gunia. Ezira alisimama katikati ya karakana, mkono umefungwa, ameitwa mwongo mbele ya vijana wanaofunga matairi, na usoni mwake hakukuwa na hasira. Kulikuwa na mshangao mtupu, mshangao wa mtu anayejua amesema kweli na bado haamini masikio yake. Cyiza hakuweza kuutazama uso ule zaidi.

"Ni mimi, Baba," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ni mimi niliyepaka. Jumamosi ile ya kwanza. Ilikuwa inalia, nikaona imekauka. Nilitaka kukufurahisha. Halafu ukaumia, nikaogopa. Halafu ukamwapia Pasta, nikaogopa zaidi."

Akalia palepale, kwa kwikwi, bila kujali vijana wa matairi. Ezira akamgeukia fundi na kumwomba radhi, akasema kwamba alikuwa amesema asichokijua. Rwakabuba alimtazama msichana, akatoa winchi kwenye gunia mara ya pili.

"Sasa naweza kutengeneza," alisema. "Nyabo mdogo, leta ile petroli."

Alimfanya Cyiza aoshe kila kipande mwenyewe. Bitana za visahani, yaani utando wao wa kukwaruzana, zilikuwa zimenyonya siagi na hazikufaa tena, kwa hiyo mzee alikata nyingine kutoka kwenye klachi ya lori. Alimwonyesha pa kuweka grisi na pasipowekwa kamwe. Kisha akaining'iniza injini nzima ya pikipiki kwenye waya, akaipandisha, akauachia mpini. Injini ikakaa hewani, imetulia tuli. Walikunywa chai wakiitazama, na ilikuwa ingali palepale chai ilipoisha.

Jumatano jioni kamati ilikutana zahanati. Ezira alikuwa tayari kusema yeye, lakini Cyiza aliomba aseme mwenyewe. Alisema yote, tangu vidole vitatu vya siagi mpaka ile Jumamosi aliponyamaza na kitambaa mkononi. Appolinaire aliyekuwa mlangoni alitaka kucheka kwa ajili ya siagi, akaona nyuso za wazee, akaacha. Pasta Baudouin akasema jina la Ezira halitaandikwa popote, na safari iendelee kesho.

Kesho yake, kwa kuwa mkono wa Baba ulikuwa bado haujapona, Cyiza alipanda mashua kwa mara ya kwanza siku ya chanjo. Walipofika kwenye mafunjo, Ezira alimwambia apandishe mguu. Alizungusha mpini mpaka mwisho. Baba akamwambia auachie. Vidole vyake havikutaka, lakini aliuachia. Mguu ulitulia.

Ng'ambo waliita majina. Walijitokeza watoto thelathini na wanane. Watatu hawakuwapo, maana familia yao ilikuwa imehama na ng'ombe Jumatatu. Mama Annonciata aliisoma orodha mara mbili, akatikisa kichwa, na Cyiza alihesabu siku kwa vidole bila kuambiwa. Angesema Alhamisi ile ile jioni, Ijumaa winchi ingekuwa Mbarara, na Jumamosi watoto hawa watatu wangekuwa hapa. Kosa la siagi lilikwisha kuoshwa kwa petroli. Hili lingine lilikuwa la kunyamaza, na halikuwa na petroli yake.

"Tuwafuate," alisema. "Mimi nitabeba sanduku."

Mama Annonciata alilipima jua, akamtazama Ezira, akasema barafu inaweza kuvumilia mpaka saa nane. Walitembea zaidi ya saa moja na nusu wakifuata kwato na kinyesi kibichi, na katika hilo Ezira hakuhitaji mwalimu. Sanduku lilimkata Cyiza bega la kulia, akalihamishia la kushoto, kisha akalirudisha. Saa saba na nusu waliwakuta chini ya kilima, karibu na kijito, ng'ombe wamepumzika. Mama Annonciata alifungua sanduku, akagusa barafu iliyobaki, akasema inatosha. Watoto wawili walichanjwa bila kelele. Wa tatu, wa miaka miwili hivi, alipiga ukelele ulioamsha ng'ombe, na hata mama yake akacheka.

Wakiwa njiani kurudi kwenye mashua, Ezira alilichukua sanduku tupu kwa mkono wake mzima.

"Cyiza, mwanangu, nikuambie neno," alisema. "Ulipopaka siagi ulikosea kwa kutojua, na kwa hilo sikulaumu. Kuuliza si ujinga, utauliza siku nyingine. Lakini uliponyamaza ulikuwa unajua, au ulikuwa unakaribia kujua, na hilo ni lako. Mimi nami nina langu. Niliapa mbele ya Mungu kwa jambo ambalo sikuwa nimekuuliza hata wewe uliyesimama karibu yangu. Ungesema mapema, au ningeuliza mapema, leo tusingetembea hivi."

Cyiza akauliza kama kusema kweli kwa kuchelewa kuna faida yoyote.

"Kuna faida," Baba akasema. "Wale watatu wamechanjwa. Lakini ukweli ni kama hii dawa, usiuache juani. Ukiwa bado haujui vizuri, sema hivyo hivyo: Baba, sijui kama ni mimi, lakini nilifanya kitu hiki. Tutatafuta pamoja."

Walifika kwenye mashua jua likianza kuinama. Cyiza aliingia kwanza, akafungua kifuniko cha winchi, akavitazama vile visahani viwili. Vilikuwa vikavu. Akakifunga tena, akamwambia Baba kwamba amekifungua na amekifunga, na kwamba ndani hakugusa kitu.